Mtoto achore ramani kabla ya kusomeshwa ramani: mwongozo kamili wa kufundisha jiografia shule ya msingi

Mwulize mtoto wa miaka tisa kaskazini ni wapi. Wengi watanyoosha kidole darini. Hawana kosa. Kila ramani waliyowahi kuonyeshwa ilitundikwa ukutani, na mtu mzima akawaambia kaskazini ni juu, nao wakashika walichoambiwa. Watoe nje uwaulize tena: kidole kitaelekea mawinguni.

Nilifundisha miaka kadhaa nikilisahihisha jambo hilo kwa maneno, na kila mwaka lilirudi pamoja na watoto wapya. Mwishowe nilikubali kwamba tatizo lilikuwa mpangilio wangu. Nilikuwa naanza na ramani iliyokwisha kutengenezwa na mtu mwingine, halafu nawataka watoto waamini kuwa karatasi ile ni nchi. Ramani ni aina ya maandishi, na anayejifunza maandishi hujifunza kusoma na kuandika kwa pamoja. Siku hizi ramani ya ukutani naiacha imekunjwa mpaka kila mtoto awe amechora walau ramani tatu za kwake.

Mwongozo huu unafuata mpangilio huo, kwa watoto wa miaka 6 hadi 12: kutoka miguuni pao hadi kwenye karatasi, kutoka kwenye karatasi hadi kwenye tufe, na ramani iliyochapishwa ije baadaye.

Vitu vya kuandaa

Huhitaji vingi. Tafuta mti mnyoofu wa mita moja, kamba ndefu, chaki, karatasi, maboksi matupu ya ukubwa mbalimbali, udongo wa mfinyanzi, beseni linaloonyesha ndani, tochi, chupa kadhaa za plastiki, sumaku na mpira. Kama kuna fedha za kununulia kifaa kimoja tu cha maana, nunua tufe la dunia. Ramani unaweza kuichora mwenyewe. Tufe zuri ni vigumu kulitengeneza, na kuna mambo ambayo karatasi bapa haiwezi kuyasema bila kupotosha.

Hatua ya 1: Maneno ya mahali

Kwa wadogo wa miaka sita na saba, jiografia ni lugha kwanza. Karibu, mbali, kati ya, nyuma ya, ng'ambo ya, kulia, kushoto. Cheza nao mchezo wa maelekezo: mmoja anafungwa macho, mwenzake anamwongoza kwa maneno tu mpaka afike kwenye kiti. Wabadilishane.

Kisha wasimamishe wawili wakitazamana, kila mmoja anyooshe mkono wa kulia. Mikono itaelekea pande tofauti. Waache washangae, waulize nani amekosea. Hakuna aliyekosea, na hapo ndipo mtoto anapoona haja ya pande ambazo hazigeuki mtu anapogeuka. Ukizitaja pande nne za dunia kabla haja hiyo haijazaliwa, zinabaki shairi la kukariri.

Wanasaikolojia Jean Piaget na Bärbel Inhelder waliwahi kuwakalisha watoto mbele ya mfano wa milima mitatu, wakawauliza mwanasesere aliyekaa upande mwingine anaiona vipi. Wengi wa wadogo walichagua picha ya kile walichokiona wao wenyewe. Watafiti waliofuata waligundua kuwa mtoto akipewa mandhari na mchezo anaouelewa, hufanikiwa mapema zaidi. Kwa mwalimu maana yake ni kwamba mazoezi ya kwanza yahusu vitu ambavyo mtoto amevishika na mahali alipokwisha pita kwa miguu yake.

Hatua ya 2: Kutafuta pande kwa kivuli

Somo hili usilifanyie darasani. Chagua siku yenye jua, msimike mti wenu mahali tambarare pasipofikiwa na kivuli cha jengo. Asubuhi, wekeni jiwe pale ncha ya kivuli inapoishia. Baada ya dakika 20 wekeni jiwe la pili kwenye ncha mpya, na baada ya 20 nyingine la tatu. Unganisheni mawe kwa mstari wa chaki. Jiwe la kwanza liko magharibi na la mwisho mashariki, maana jua likienda upande mmoja, kivuli hukimbilia upande wa pili.

Sasa mtoto asimame juu ya mstari, magharibi ikiwa kushoto kwake na mashariki kulia. Mbele yake ni kaskazini. Mwambie aangalie mbele aseme anachokiona: jengo, mti, kilima. Kuanzia siku hiyo kaskazini yake ina kitu ndani yake. Ukiweza, chora pande hizo uani kwa rangi isiyofutika, maana mtazirudia mara nyingi.

Wakanye watoto wasilitazame jua moja kwa moja. Liseme hilo kabla hamjatoka, na mkifika nje lirudie.

Walio na miaka kumi na kuendelea wapime urefu wa kivuli kila saa na kuuandika. Wataona kinafupika hadi katikati ya mchana, kisha kinarefuka tena. Kuna mambo mawili ambayo mwalimu hana budi kuyajua ili asiwadanganye. La kwanza, jua huchomoza mashariki halisi siku mbili tu kwa mwaka, moja mwezi wa Machi na nyingine mwezi wa Septemba. Siku zilizobaki huchomoza likiwa limesogea kidogo kaskazini au kusini. La pili, kwa wakaao kati ya Tropiki ya Kansa na Tropiki ya Kaprikoni, mistari miwili ya ramani iliyo kaskazini na kusini ya ikweta, kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini miezi fulani na kusini miezi mingine. Ukiwaambia kivuli cha mchana huelekea upande mmoja daima, mtoto makini atakukamata baada ya miezi sita, naye atakuwa sahihi.

Wakubwa wasimulie habari ya Eratosthenes, mtaalamu wa Kigiriki wa zamani. Miaka ya 240 KK hivi, katika mji wa Alexandria huko Misri, alifahamu kwamba siku moja ya mwaka jua la adhuhuri huangaza hadi chini ya kisima huko Syene, mji unaoitwa Aswan leo. Wakati huohuo Alexandria kulikuwa na kivuli. Alipima pembe yake, akapata sehemu moja ya hamsini ya duara, kama nyuzi 7.2. Akauzidisha umbali wa kati ya miji hiyo miwili kwa 50, akapata mzunguko wa dunia nzima. Vipimo vya leo vinatupa kilomita 40,000 na kidogo juu yake. Watoto walioshinda na mti wao uani huisikiliza habari hii kwa namna ya pekee, kwa sababu chombo chake ndicho walichokishika asubuhi.

Dira ije baada ya kivuli. Sugueni sindano kwenye sumaku mara 30 au 40 kuelekea upande mmoja, muilaze juu ya jani linaloelea kwenye maji, muilinganishe na mistari yenu ya uani. Ikipishana kidogo na mistari, msiifiche tofauti hiyo: ncha ya sumaku ya dunia haiko mahali pamoja na ncha ya kaskazini ya kijiografia. Sindano ikiyumba ovyo, tafuteni chuma kilicho karibu.

Hatua ya 3: Kutazama kutoka juu

Hapa ndipo penye kazi kubwa, nami nashauri upatengee wiki mbili au tatu bila haraka.

Ugumu wa ramani kwa mtoto ni kwamba inaonyesha vitu kwa jicho ambalo hana. Yeye huiona nyumba kwa mbele, yenye mlango na paa. Ramani inaiona kwa juu, haina mlango. Kwa hiyo anza na vitu vidogo. Weka kikombe, kitabu, kiatu na funguo juu ya karatasi, watoto wasimame na kuchungulia wima, wachore kinachoonekana. Kikombe kitakuwa duara, na daima yuko mmoja atakayekichora kwa ubavu kikiwa na mkono wake. Usifute mchoro huo. Mkalishe chini akitazame kikombe kwa ubavu, kisha msimamishe akitazame kwa juu, achore vyote viwili na aandike alikuwa wapi alipochora kila kimoja.

Zoezi linalofuata ndilo nisilowahi kuliacha. Tandaza karatasi kubwa sakafuni. Watoto wajenge mtaa wa maboksi juu yake: nyumba, shule, zahanati, barabara za utepe. Waucheze kwanza, waupe jina, wagombanie nani anakaa wapi. Kisha kila boksi lizungushiwe mstari wa kalamu pale lilipo. Halafu waambie wanyanyue maboksi yote, moja baada ya jingine. Kinachobaki kwenye karatasi ni ramani. Huwa kuna ukimya mfupi hapo. Mtoto anaona kwa macho yake kwamba mtaa umeondoka na umbo lake limebaki.

Kutoka hapo nendeni kwenye darasa lenyewe. Kila mtoto achore darasa kama vile dari limeondolewa nasi tunalitazama tukiwa juu. Kisha uwanja wa shule. Kisha njia ya kutoka langoni hadi darasani.

Kuhusu jina, fremu, dira, ufunguo na skeli, yale mambo matano ambayo vitabu huyaorodhesha ukurasa wa kwanza: usiyaorodheshe. Waache watoto wayadai. Fanya hivi: wagawe wawili wawili, kila jozi ifiche kitu uwanjani, ichore ramani ya kuonyesha kilipo, kisha ibadilishane ramani na jozi nyingine. Baada ya robo saa utasikia malalamiko. Nakumbuka msichana aliyechora matangi ya maji kwa maduara na miti pia kwa maduara. Wenzake walizunguka kila mti uwanjani, kumbe kitu kilikuwa chini ya tangi. Walirudi wamekasirika. Mimi nilikaa kimya. Akachukua kalamu, akapaka miti kijani na matangi buluu, akaandika pembeni rangi ipi ni nini. Siku iliyofuata nilimwambia darasani kwamba alichokitengeneza kinaitwa ufunguo wa ramani, na kwamba wachoraji ramani wengi duniani hukiweka. Mwingine atalalamika hajui ramani aishike vipi, na hapo dira inazaliwa. Mwingine atasema njia iliyochorwa fupi ilikuwa ndefu mno, na hiyo ndiyo skeli inayobisha hodi.

Wafundishe pia kuigeuza ramani ifuate ardhi. Mtoto asimame kwenye alama ya kaskazini uani, aizungushe ramani mpaka kaskazini ya karatasi itazame kaskazini ya kweli, ndipo aanze kutembea. Kila anapokata kona, mwili unageuka na ramani inabaki ilivyo. Watoto hulipenda zoezi hili, na ndilo linaloua kabisa ile kaskazini ya darini. Wakubwa waambie kwamba al-Idrisi, mwanajiografia aliyemchorea Mfalme Roger wa Pili wa Sicily ramani ya dunia mwaka 1154, aliweka kusini juu. Kuweka kaskazini juu ni mapatano ya wachoraji.

Hatua ya 4: Skeli kwa hatua za miguu

Kila mtoto atembee mita 10 zilizopimwa kwa kamba, ahesabu hatua zake. Wa hatua 20 ana hatua ya nusu mita. Sasa apime darasa kwa miguu. Tuseme amepata hatua 16 kwa 12, yaani mita 8 kwa 6. Haitoshi kwenye karatasi, kwa hiyo mwulize afanyeje. Watoto wenyewe watafika kwenye jibu: kila hatua iwe sentimita moja. Darasa linakuwa sentimita 16 kwa 12, na skeli ni 1 kwa 50, kwa kuwa sentimita moja inabeba sentimita 50.

Wachore tena darasa lilelile kwa sentimita moja kwa kila mita. Linapungua hadi 8 kwa 6. Michoro miwili ikae pamoja ukutani: mahali ni pamoja, skeli ni mbili. Baada ya hapo ramani yenye skeli ya 1 kwa 50,000 haitishi, ni hesabu ileile ambayo sentimita 2 zinakuwa kilomita nzima. Maneno "skeli kubwa" na "skeli ndogo" mimi huyaacha hadi wafike miaka 12, maana ramani ya eneo kubwa ndiyo yenye skeli ndogo, na neno hilo huwavuruga hata watu wazima.

Hatua ya 5: Kilima ndani ya beseni

Mistari ya kontua, ile inayounganisha mahali penye kimo sawa kwenye ramani, ina sifa ya kuwa somo gumu. Kwa udongo na maji inakuwa kazi ya nusu saa. Finyangeni kilima chenye upande mkali na upande wa taratibu, mkiweke ndani ya beseni. Mimina maji hadi kina cha sentimita 2, mtoto azungushe mstari kwa kijiti pale maji yalipogusa udongo. Ongeza maji hadi sentimita 4, chora tena, mpaka kilele kizame. Ondoa maji taratibu, tazameni kutoka juu. Pale penye mteremko mkali mistari imesongamana, penye mteremko wa taratibu imeachana. Waulize wangependa kupandia upande gani wakiwa na mzigo kichwani. Watajibu kwa kusoma mistari.

Zoezi hili linafaa sana kwa mtoto asiyeona vizuri, kwa kuwa mistari iliyochimbwa kwenye udongo husomeka kwa vidole. Kwake tengeneza pia ramani ya darasa kwa gundi, kamba na mchanga. Wenzake nao huigombania.

Hatua ya 6: Maji yanavyochonga ardhi

Jaza sinia udongo na mchanga, uinue upande mmoja kwa kitabu. Toboa matundu kwenye kopo, mnyeshee mvua upande wa juu. Ndani ya dakika chache watoto wataona mifereji ikikutana na kuwa mto, mto ukichimba kingo zake, na chini kabisa mchanga ukijimwaga kwa umbo la pembetatu. Hilo ni delta, jina lililotokana na herufi ya Kigiriki yenye umbo hilo. Rudieni kwa kuufunika nusu ya udongo kwa nyasi na majani, mlinganishe rangi ya maji yanayotoka kila upande. Hakuna hotuba kuhusu mmomonyoko inayolifikia lile kopo la maji ya matope.

Baada ya hapo waulize: mto unaweza kutiririka kuelekea kaskazini? Wengi watakataa, kwa sababu kwenye ramani ungekuwa unapanda. Waonyeshe Mto Naili, wenye urefu wa kilomita 6,650 hivi, unaotoka ndani ya Afrika kwenda Bahari ya Mediterania. Maji hufuata mteremko, hayajui ramani imetundikwa vipi.

Hatua ya 7: Hali ya hewa

Hii ni kazi ya dakika tano kila siku, na faida yake inategemea kutoruka siku. Kateni chupa yenye ubavu ulionyooka, sehemu ya juu igeuzwe iwe faneli, ubandike rula ubavuni. Kama chini ya chupa kuna mabonde, jazeni maji hadi mahali palipo sawa, mwanzie sifuri hapo. Kila asubuhi kikundi cha zamu kisome mvua, kitazame mawingu, kiandike upepo unatoka wapi.

Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwenye kila mita ya mraba. Kwa hiyo paa la mita za mraba 50 likinyeshewa milimita 20 hukusanya lita 1,000. Wape watoto hesabu hiyo baada ya mvua ya kweli.

Wenye miaka 11 watofautishe hali ya hewa na tabianchi. Kile wanachokiandika kila asubuhi ni hali ya hewa. Tabianchi hupatikana kwa kukusanya kumbukumbu za miaka mingi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutumia kipindi cha miaka 30. Siku moja ya baridi haisemi chochote kuhusu tabianchi, na miezi mitatu ya daftari la darasa itawaonyesha jinsi siku zinavyotofautiana.

Hatua ya 8: Tufe

Lete tufe sasa. Acheni kulitazama kwa mbali, walizungushe na kulishika. Ukipata tufe la kupulizwa kama mpira, warushiane mara 100, na kila anayelidaka aseme kidole gumba chake cha kulia kimeangukia maji au nchi kavu. Andika ubaoni. Maji yatapata alama kama 70, kwa kuwa asilimia 71 hivi ya uso wa dunia ni maji. Katika maji hayo yote ya duniani, asilimia 97 ni ya chumvi, na sehemu kubwa ya yaliyobaki imeganda kuwa barafu.

Kisha menya chungwa ukijaribu kuyaacha maganda kipande kimoja, uwaambie watoto wayalaze yawe bapa mezani. Yatapasuka. Kila anayechora dunia kwenye karatasi anakutana na mpasuko huo, na lazima achague kuvuta mahali fulani. Mchoraji ramani Gerardus Mercator mwaka 1569 alichagua kuvuta sehemu za karibu na ncha, ili mabaharia wapate mwelekeo sahihi. Ndiyo maana kwenye ramani ya namna yake Greenland inaonekana kukaribia ukubwa wa Afrika. Greenland ina kilomita za mraba milioni 2.2 hivi, Afrika ina milioni 30, yaani ni kubwa takriban mara 14. Watoto wafuatishe Greenland kwenye karatasi nyembamba juu ya tufe, waikate, waihesabu inaingia Afrika mara ngapi. Halafu wanyooshe uzi kwenye tufe kutoka London hadi Tokyo. Uzi utapita juu kaskazini mwa Urusi, ilhali rula kwenye ramani bapa hukatiza Asia ya Kati.

Usiku na mchana ni rahisi: chumba chenye giza, tochi, tufe linalozungushwa kuelekea mashariki, na alama ya karatasi pale mnapoishi. Majira ndiyo yanayosumbua. Karibu kila mtoto huamini kuwa joto huja dunia inapolikaribia jua. Kwa kweli dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, wakati kizio cha kaskazini kiko katika baridi. Chukua karatasi ya mirabaraba, imulike kwa tochi wima, hesabuni viraba vilivyopata mwanga. Inamisha tochi bila kubadili umbali. Viraba vinaongezeka na mwanga unafifia, kwa sababu mwanga uleule umegawiwa eneo kubwa zaidi. Sasa onyesha mhimili wa tufe ulivyoinama nyuzi 23.5, ulizungushe tufe kuzunguka taa bila kubadili mwelekeo wa mwinamo. Fanya pole pole, urudie siku nyingine. Somo hili halikai kichwani kwa mara moja, na hilo lisikukatishe tamaa.

Latitudo na longitudo, yaani namba za kuonyesha mahali palivyo kaskazini au kusini na mashariki au magharibi, nazianzisha kwa madawati: safu na mstari, kila mtoto ana namba zake mbili. Mtoto akishajua kujitafuta kwa namba, msogeze kwenye tufe. Ikweta tumepewa na jinsi dunia inavyojizungusha, iko katikati ya ncha mbili. Mstari wa longitudo sifuri ulichaguliwa na watu, kwenye mkutano uliofanyika Washington mwaka 1884, wakaupitisha Greenwich, London. Watoto hupenda kujua kipi kilikuwepo na kipi kimeamuliwa.

Hatua ya 9: Majina

Siungi mkono wanaosema majina ya mahali hayana faida. Asiyejua bara liko wapi hana pa kuitundikia habari anayoisikia. Mabara saba, bahari kuu tano, milima na mito mikubwa, nchi jirani: vyote vijulikane kwa moyo. Ila dakika tano kwa siku zinatosha, kwa ramani tupu isiyo na majina. Au kata ramani kuukuu vipande, waipange upya. Mchezo wa kupanga picha ulianzia hapo: John Spilsbury, mchongaji wa ramani wa London, aliuza ramani zilizobandikwa kwenye mbao na kukatwa vipande miaka ya 1760, kwa ajili ya kufundishia jiografia.

Angalia kwamba mtoto haweki mji, nchi na bara kwenye kapu moja. Tumia maboksi yanayoingiana: darasa ndani ya shule, shule ndani ya mji, mji ndani ya nchi, nchi ndani ya bara.

Hatua ya 10: Watu na vitu vyao

Unapofundisha nchi za mbali, epuka picha moja inayobeba watu wote. Uliza maswali yaleyale kila mahali: maji wanayapata wapi, wanajengea nini, wanasafirije, kwa nini mji umekaa hapo na si pengine? Mtoto akiuliza hivyo kuhusu jangwa, kisiwa na jiji kubwa, ataanza kuona sababu.

Njia iliyonifaa zaidi ni kukifuata kitu kimoja hadi kilikotoka. Chukua kalamu ya risasi. Jina lake linataja risasi, lakini ndani hamna risasi. Kuna grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Mbao ilikatwa msituni, grafiti ilichimbwa ardhini, kifutio kina mpira au plastiki, rangi imetoka kiwandani. Kila kitu kina mahali, na kila mahali pana watu na njia ya kusafirishia. Watoto waangalie lebo za nguo zao, waweke alama kwenye ramani ya dunia pale ziliposhonwa.

Wa miaka 12 wape fumbo hili. Mwaka 1854 kipindupindu kilizuka Soho, London. Daktari John Snow aliweka alama kwenye ramani kila mahali palipotokea kifo. Wachoree watoto mitaa, visima vya pampu na alama za vifo, bila kuwaambia jibu. Wataona alama zimesongamana kuzunguka pampu ya Broad Street. Wakati huo wengi waliamini ugonjwa huenezwa na hewa chafu; ramani ilielekeza kidole kwenye maji. Mpini wa pampu ulikuwa umekwisha kuondolewa kwa ushauri wa Snow kabla ramani hiyo haijachapishwa.

Kutoka nje salama

Kabla ya matembezi yoyote pita njia hiyo mwenyewe. Mtu mzima mmoja atangulie na mwingine afunge mstari, watoto waende wawili wawili, na hesabu ifanywe kila mnaposimama. Wape swali moja au mawili tu la kujibu: maji ya mvua hupita wapi? Nani anatumia eneo hili asubuhi na nani jioni? Darasa kubwa ligawe makundi yenye kazi tofauti, yakirudi yaunganishe matokeo kwenye ramani moja.

Kupima walichojifunza

Maswali ya kutaja miji mikuu hupima kumbukumbu ya wiki moja. Wiki ya kwanza ya mwaka, kabla hujafundisha chochote, mpe kila mtoto karatasi achore ramani ya shule bila msaada, aandike tarehe, uzikusanye uzifungie kabatini. Mwisho wa mwaka mpe karatasi nyingine tupu na agizo lilelile. Ziweke mbili hizo mezani mbele yake, umwachie kalamu nyekundu, naye ndiye aandike kilichobadilika. Tenga kipindi kizima kwa kazi hiyo, upite meza hadi meza ukisoma anachoandika kila mmoja.